Koti la Kapteni Asiye na Meli

Ipo siku moja ambayo siwezi kuisahau, mwanangu, ingawa hata leo, pamoja na mvi zote hizi, ukiniuliza ni kitu gani hasa kilichonipata siku ile nitakuna kichwa kwanza. Ni siku Mama Vumilia alipolichukua koti nililolishona kwa mikono yangu, akalitazama mbele, akaligeuza akalitazama nyuma, kisha akavuta kiti akaketi. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikingoja sifa.

Lakini nimekimbilia mbali. Ngoja nikueleze kwanza nilikuwa nani.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi, nikafika Johannesburg kwa malori na kwa miguu, na nikawa ninalala na wenzangu watatu katika chumba kimoja kule Bertrams. Siku za mechi kelele za uwanja wa jirani zilituingilia mpaka kitandani. Kazi niliipata kwa Mama Vumilia, mama wa Bukavu, mpole wa sauti na mkali wa macho, aliyekuwa na karakana ya ushonaji Doornfontein, ghorofa ya pili, juu ya duka la betri za magari. Yeye na mafundi wake walishona suti za wachungaji, sare za kwaya na nguo za harusi. Mimi nilipinda suruali, nilishona vifungo, nilipiga pasi, na jioni nilipita chini ya meza na sumaku nikikusanya pini zilizodondoka.

Kushona nilikujua. Mjomba wangu alinifundisha tangu nikiwa mdogo. Nilichokitaka ni mkasi. Wewe hujui karakana, mwanangu, kwa hiyo nikwambie: mkataji ndiye bwana. Wengine wote wanashona alichokikata yeye. Mkataji wetu alikuwa amehamia Cape Town, na Mama hakuwa amesema mkasi utakwenda kwa nani. Kila asubuhi nilimwangalia usoni kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Suti ya mteja ikishakamilika, hukaa kwenye msumari siku mbili tatu ikimngoja mwenyewe. Sisi vijana tulizivaa. Mchana wa Jumamosi, Mama akienda sokoni kutafuta bitana na nyuzi, tulivaa suti hizo, tukashuka, tukavuka robot, yaani taa za barabarani, mbili tatu mpaka Braamfontein, tukasimama mbele ya jengo lolote lenye vioo, na rafiki yetu mwenye kamera akatupiga picha. Halafu tulirudi mbio kuzitundika. Picha zangu nilizituma nyumbani kupitia wafanyabiashara waliokuwa wakipanda basi kwenda Lubumbashi. Baada ya mwaka, baba yangu alikuwa na mimi ukutani katika suti ya kijivu, mimi katika suti nyeusi ya mchungaji, mimi katika suti ya bwana harusi rangi ya maziwa. Katika barua ya kwanza niliandika kwamba ninafanya kazi karibu na ofisi kubwa. Kufikia barua ya nne nilikuwa nimeshaingia ndani ya ofisi, na sikumbuki niliingia lini.

Usinicheke sana. Ninaona mnavyopiga picha kwenye magari ya matajiri huko Sandton.

Basi baba akaandika. Mdogo wangu Ilunga alikuwa amepata nafasi ya chuo cha ualimu pale pale Lubumbashi, nafasi ambayo watoto wengi wa mtaa wetu waliilia. Baba alisema: kwa kuwa wewe umefika, na ofisi yako ni kubwa hivyo, kwa nini mdogo wako apoteze miaka kwenye chaki? Aiache hiyo nafasi aje huko, umwingize kazini. Aliomba jibu kabla chuo hakijafunguliwa.

Barua ile niliitembeza mfukoni wiki tatu. Nilimwuliza Mama Vumilia, kwa kuzungukazunguka, kama mdogo wangu akiacha chuo akaja, kutakuwa na kazi. Akasema kama anakuja kuokota pini, pini zipo. Kumwambia baba ukweli niliona kama kumvua nguo mbele ya majirani, maana picha zile alizionyesha kwa kila aliyeingia nyumbani. Na kumwacha Ilunga aache chuo, apite njia niliyoipita mimi, aje kulala sakafuni Bertrams, hilo nalo sikuweza. Nilikuwa katikati, sijui niende wapi, na siku zilikuwa zinakwenda.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja Mwalimu Mwaipaja.

Huyu alikuwa Mtanzania, mtu wa Mbeya, akifundisha tamthilia chuo kikuu kule Braamfontein. Mtaratibu sana, hata sisi wapinda suruali alituamkia vizuri. Wanafunzi wake walikuwa wametunga mchezo juu ya maisha ya afisa mmoja wa jeshi la wanamaji la Uingereza, wa karne ya kumi na nane. Afisa mwenyewe, alisema, hakuwahi kuwapo. Walimtengeneza kwa kuchanganya maisha ya maafisa wengi wa zama zile, wakampa jina la Orbell. Alitaka makoti manne, na alituachia karatasi. Koti la kwanza: Luteni. La pili: Kapteni. La tatu: Kapteni, hana meli, nusu mshahara, miaka saba nchi kavu. La nne: Admirali.

Kwa koti la kwanza, la pili na la nne alileta sufu ya buluu, nzito, aliyoitafuta mji mzima mpaka akaipata kwenye duka lililokuwa linafungwa, pamoja na ukanda wa rangi ya dhahabu wa kupamba kifua na mikono. Vilipimwa, havikuzidi hata kiganja. Kwa koti la tatu alileta koti kuukuu lililopauka, akasema ligeuzwe.

Kugeuza koti ni kazi ya zamani ambayo nyinyi hamuijui tena. Unalifumua lote, mshono kwa mshono, mpaka linabaki vipande. Kila kipande unakipindua, upande uliokuwa ndani, ambao haujaona jua, unakuja nje. Kisha unalishona upya. Kwa mbali utadhani jipya. Lakini tundu za vifungo, ambazo kwa mwanamume hukaa kushoto, sasa ziko kulia, na hata uzitengeneze vipi, mwenye jicho atajua mwenye koti hana la pili. Mwalimu alisema maafisa wasio na meli walifanya hivyo, na alitaka watazamaji waone.

Mama Vumilia alinipa mimi koti hilo. Akasema nifanye peke yangu, mwanzo mpaka mwisho, naye atatazama. Hapo nikajua mkasi unapimwa.

Mwanangu, nilikaa na karatasi ile nikaisoma mpaka ikalegea. Sikuielewa. Mtu ni luteni, anapanda anakuwa kapteni, halafu anawekwa nchi kavu miaka saba, anavaa koti lililogeuzwa, halafu anakuwa admirali? Alipandaje akiwa amekaa? Kwa akili yangu mtu akishapanda amepanda. Nikajiambia mwandishi amekosea. Nikajiambia wanafunzi hawa ni watoto, hawajui kwamba kapteni hawezi kutoka mlangoni na koti la namna hiyo. Kwetu hata karani akienda kanisani anang'aa. Nilimwonea huruma yule Orbell, mtu ambaye hata hakuwapo. Na labda, sina hakika, nilitaka tu Mama aone ninavyoweza kukata.

Mama aliposafiri siku mbili kwenda Pretoria kwa mambo ya karatasi zake za ukimbizi, nililisokomeza lile koti kuukuu chini ya meza. Nilichukua sufu iliyobaki, ile ya admirali. Nikaikata kwa mwili wa kijana aliyeigiza kapteni, kijana mwembamba kama ufito, nikashona koti ambalo mpaka leo sijashona zuri kulishinda. Dhahabu niliipanga kifuani safu mbili. Nilipolimaliza nililivaa mimi mwenyewe, nikasimama mbele ya kioo, nikajikuta ninatafuta mwenye kamera.

Ndilo hilo koti ambalo Mama alilitazama mbele na nyuma, akaketi.

Kisha akaniuliza, kwa kile Kiswahili cha Bukavu ambacho hata akikugombeza ni kama anakubembeleza:

"Juu ya nini umemuvalisha hivi?"

Nikamjibu kwamba ni kwa sababu mtu huyu ni kapteni.

"Najua ni kapteni. Meli yake iko wapi?"

Nikaitazama karatasi ya Mwalimu, naye akajijibu:

"Hana. Amekaa miaka saba anangojea. Hawa watoto wanataka watu waone ile miaka. Weye umeifunika na dhahabu." Akalaza koti mapajani mwake. "Na baba yako? Yeye umemushonea koti gani?"

Nikajifanya sielewi. Akaniambia taratibu kwamba kola za suti za wateja hupita mikononi mwake kabla hazijatoka, na jasho la vijana wake analijua. Alijua tangu mwaka jana, pamoja na picha tulizozituma nyumbani. Alikuwa anangoja tuchoke wenyewe. Kuhusu Ilunga akasema maneno machache tu, na hayo ndiyo yaliyoniingia: "Ile koti unaweza kuifumua. Mutoto akisha kuacha masomo, utamufumua namna gani?"

Nililia, mwanangu. Sikulia kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Nililia kwa sababu kila kitu kilikuwa kimechanganyika: koti, baba, mkasi, yule Mwingereza wa kubuni.

Aliyeigiza admirali alikuwa kijana mwingine, mnene, kifua kipana, na vipande vyangu havikumfikia. Ili kulipata tena koti la admirali, Mama alilifumua koti langu lote kwa wembe, uzi kwa uzi, nami nikimshikia taa. Akaunga vipande mgongoni, akaficha maungio chini ya mikunjo. Dhahabu niliyokuwa nimeikata vipande vifupi ikabidi iunganishwe, na ukikaribia ungeona viraka. Mimi nililitoa koti kuukuu chini ya meza nikaligeuza mbele ya macho yake, na kila mara mkono wangu ulipotaka kuficha tundu za upande wa kulia, alikohoa.

Mwalimu Mwaipaja alipokuja kuyachukua, Mama alimweleza yote, hakunificha. Mwalimu hakukasirika, au kama alikasirika aliimeza hasira yake. Aliniuliza ni nini kilichonichanganya kwenye karatasi. Nikamwuliza vile ninavyokuuliza wewe: mtu anapandaje akiwa amekaa? Akanieleza kwamba zama zile makapteni waliandikwa katika orodha moja ndefu. Wa juu akifa au akipanda, wa chini yake wote wanasogea. Hakuna wa kuirukia nafasi yako, hata kama huna meli. Vita vikiisha, meli zinafungwa, maafisa wanarudishwa nyumbani kungoja, wengine wanazeeka wakingoja. Halafu siku moja jina lako linafika juu, unaitwa admirali, na pengine hutaongoza hata mashua. Tena luteni akipewa kijimeli kidogo, mabaharia wake walimwita kapteni, ingawa si kapteni.

Nikamwambia, "Basi Mwalimu, huyu mtu alikuwa mkubwa lini? Alipoitwa kapteni na hali si kapteni, au alipokuwa admirali bila meli?"

Akacheka kidogo. "Ndiyo maana tukatunga mchezo, bwana mdogo. Na sisi hatujui."

Alinialika niutazame, siku ya mchana. Nilikwenda. Kiingereza kilinipita kwingi. Lakini ile sehemu ya tatu haikuhitaji lugha. Orbell aliingia na koti nililoligeuza, akaketi kwenye benchi nje ya ofisi ya wakubwa wa jeshi, kofia mapajani. Watu walipita. Kila aliyepita alisimama, akampa mkono, na macho yakashuka kwenye tundu za vifungo, kulia, kisha yakakimbia. Yeye hakujifunika. Kila asubuhi alirudi na koti lile lile, akasema jina lake na kwamba yuko tayari akihitajika. Mara moja alisoma kwa sauti barua aliyomwandikia mama yake: sina meli, mama, niko mzima, ninangoja. Nilikaa pale na suti ya mtu mwingine mwilini, kwa maana hata siku ile nilikuwa nimevaa suti ya mteja kwenda kutazama mchezo. Niliona kama ukumbi mzima unanitazama mimi.

Nilitoka kabla Orbell hajawa admirali. Nikaenda kwenye kontena la simu za kulipia karibu na kituo, nikampigia jirani yetu mwenye simu, akamwita baba. Nikasema yote bila kupumua. Baba, sina ofisi. Ninapinda suruali, ninaokota pini. Suti zile si zangu, ni za wateja. Ilunga asiache chuo.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimesikia," kisha akampa Ilunga simu.

Mdogo wangu aliniuliza swali moja: kama ninaokota pini, ni mteja gani anayemwachia muokota pini suti ya harusi? Nikajaribu kumweleza mambo ya msumari na Jumamosi. Akacheka, kicheko kikavu. "Sema tu hutaki nije, kaka. Ukubwa umekulevya."

Mwanangu, hicho ndicho nisichokitegemea. Kusema uongo kulinichukua barua nne. Nilidhani ukweli, kwa kuwa ni ukweli, utaingia mara moja. Lakini wao walikuwa na picha ukutani, na mimi nilikuwa sauti tu kwenye simu ya jirani. Nilirudi kupiga tena, na tena. Baba alisema ndiyo, ndiyo, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Mama Vumilia mwenyewe alipiga mara moja, akaongea na baba kwa heshima zote. Baadaye nikasikia wamesema nimemtuma mfanyakazi wangu.

Miezi miwili baadaye, mchana, nilikuwa chini ya meza na sumaku. Niliona viatu mlangoni, vimeraruka, vumbi mpaka kwenye vifundo, navyo havisogei. Nikainuka kwa magoti. Ilunga alikuwa amesimama na mfuko wa plastiki. Alikuwa amekonda hata mashavu yamezama. Alinitazama mimi, akaitazama sumaku mkononi mwangu na pini zilivyoning'inia, akazitazama suti kwenye misumari.

"Kumbe ulisema kweli," akasema.

Sikujua nifurahi kwamba hatimaye ameniamini au nijifiche tena chini ya meza. Nafasi yake ya chuo ilikuwa imekwisha kupewa mtoto wa mtu mwingine, na haikurudi. Aliishi nami miaka sita akilinda magari kule Braamfontein, mlangoni pa majengo yale yale ya vioo, kisha akarudi nyumbani. Tunaongea. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na mimi mpaka leo sijui kama ni kwa sababu amenisamehe au kwa sababu amechoka. Mkasi alipewa fundi mwingine, mama wa Burundi. Mimi niliungoja miaka mitatu ndipo ukanifikia.

Basi usia wangu ndio huu, mwanangu, na niuseme wazi kwa sababu mimi mwenyewe bado ninausoma. Miaka ambayo huna meli nayo ni miaka yako. Usimkopeshe mtu yeyote nyumbani sura usiyo nayo. Ukiwa mlinzi, sema ni mlinzi. Ukiwa unasuka nywele za watu kibarazani, piga picha na kitana mkononi. Unangoja karatasi, sema unangoja. Na useme mapema, wiki ya kwanza, wakati hakuna picha ukutani ya kushindana na maneno yako. Kama umekwisha kuchelewa, sema hivyo hivyo, na urudie kusema hata wakikucheka. Siahidi kwamba mambo yatanyooka. Mimi nilisema, na hayakunyooka. Lakini mtu alipofika mlangoni kwangu akiwa amechoka, angalau alinikuta vile vile nilivyomwambia.

Mungu akulinde katika mji huu. Akupe kazi ya mikono yako na afya ya kuifanya. Akupe na watu wa kukukoholea pale mkono wako unapotaka kuficha. Na siku utakapopiga simu nyumbani kusema ukweli wako, Mungu amfungue moyo atakayeipokea, akuamini mara ya kwanza.